Mama Mkwe Amemfukuza Mbuzi kwa Ajili ya Kalsiamu

Shangazi Tima, shikamoo. Nakuandikia nimempakata mtoto, uniwie radhi mwandiko. Mume wangu Yaseen ana saratani ya damu, ile kali inayokwenda mbio, na dawa za hospitali zilikuwa zimeanza kumpa nafuu, ila mwezi uliopita daktari alitueleza kwamba wataalamu wanachunguza jinsi kalsiamu inavyopeleka habari ndani ya chembe za damu, zile mbovu zikazipata na kuzidi kuishi, na huenda siku moja njia hiyo ikazibwa kwa dawa, basi mama mkwe hakungoja hiyo siku moja, kufika nyumbani akasema, "Nimeelewa. Tunaikata kalsiamu." Maziwa yakakatwa, dagaa wakakatwa, mbuzi wetu akapelekwa Gede, na mimi kwa kuwa nanyonyesha nimehamishiwa kwa jirani, eti natembea na kalsiamu kifuani. Jana alimwona Yaseen akicheka akamwambia, "Funga mdomo, mwanangu, hayo meno nayo ni kalsiamu." Kutwa yuko mlangoni anatafuna tambuu, analinda. Ningevumilia, Shangazi, lakini sasa asema Jumatatu hakuna kwenda kutiwa dawa, adui ameshakatiwa posho, na Yaseen amekubali kwani amwogopa mamake kuliko saratani. Mimi mama mkwe sijawahi kumjibu. Nifanyeje?

Mama Rayhana, Takaungu

Marahaba, Mama Rayhana. Pole, mwanangu. Nimecheka, kisha nikaona haya. Mbuzi hana kesi. Kalsiamu wanayoizungumzia wataalamu ni ile ipitayo ndani ya chembe, na hiyo huikati kwa kumnyima mtu chai ya maziwa. Mwili ukikosa hukwangua mifupa yake wenyewe. Tena hayo bado yamo maabara. Kinachomtibu Yaseen leo ni dawa ya Jumatatu, na akiiruka anaufungulia ugonjwa mlango.

Adabu yako naipenda, lakini hiyo ya sasa ni woga uliovishwa buibui. Rudi kwako leo hii. Mpigie daktari, mweleze alivyokatazwa kula, umuulize ale nini. Jumatatu mchukue mama mkwe, akae kiti cha mbele, aulize mwenyewe. Huyo ni mzazi anayeogopa kumzika mwanawe, msimfanye adui. Yaseen naye mwambie nimesema acheke.

Na mama mkwe akiwazuia mlangoni, usibishane. Mkumbushe kwa upole kwamba chokaa anayoitia kwenye tambuu yake ni kalsiamu pia. Kwa sheria yake mwenyewe, yeye ndiye wa kuhamia kwa jirani.