Saa Kwenye Kigoda

Mjukuu wangu Ayuma,

Huku Navakholo tu wazima. Mahindi yameanza kubeba, na ng'ombe wetu amezaa.

Unauliza kama unaweza kubadilisha betri ya ile saa ya mkono niliyokupa mwenyewe, au utaiharibu. Saa hiyo ilikuwa ya baba mkwe wangu, mpiga kengele wa kanisa. Ilisimama Jumapili asubuhi, nikiwa ndiyo kwanza nimeolewa, na fundi hafungui Jumapili. Nilikuwa nimemwona kaka yangu akibadilisha betri, nikasema nitajaribu. Lakini kwetu baba mkwe haingii jikoni kwa mke wa mwanawe, wala hampi kitu mkononi. Mama mkwe ndiye aliyeniletea saa na betri mpya, mzee akabaki nje.

Nikatandika leso mezani, nikabandua kifuniko kwa ncha ya kisu, nikaweka betri. Mshale haukusogea.

"Muulize kama ameiua hiyo kitu," mzee akamwambia mama mkwe.

"Mwambie bado," nikasema.

Nikaitazama tena. Maandishi ya betri yalikuwa chini, nami nilipaswa kuyaacha juu. Nikaigeuza. Mshale ukaruka.

Nikaiweka kwenye kigoda mlangoni, nikarudi ndani. Aliichukua akaondoka mbio, nami nikadhani nimemuudhi. Kisha nikasikia kengele ya kanisa, kwa wakati wake.

Tangu hapo, kila iliposimama, niliikuta kwenye kigoda hicho na betri mpya kando yake. Hakuna fundi aliyeigusa tena.

Ifungue, mama. Tandika leso kwanza.

Nyanya yako