Nimemuua Shangazi kwa Hamu ya Ziwa

Mpendwa Bi Rai, shikamoo. Naomba msaada wako na naomba haraka, maana nimejitia mahali ambapo sijui nitatokaje, na ukiona mwandiko umepinda ni kwa sababu mtoto amelala mapajani na sithubutu kumwinua.

Mimi naishi Tiwi, nina miaka ishirini na mitatu, mume wangu Garama ni mpishi katika hoteli moja ya Diani, na mtoto wetu Griffin ana mwaka na miezi miwili, lakini kwetu ni bara, nimezaliwa kando ya Ziwa Viktoria, na huku watu hunicheka nikisema nina hamu ya maji, huniambia, "Mama Griffin, si bahari hiyo hapo?", nami nashindwa kuwaeleza kwamba bahari ni ya chumvi na si yangu, maji ya ziwa yakikurukia usoni unaramba midomo tu na unaendelea kupiga kasia.

Katika usichana wangu tulikuwa watatu, mimi na Beryl na Claire, tulikuwa tukiuiba mtumbwi wa baba yake Beryl mpaka kwenye mwamba wa kwanza, na tuliapa kwamba siku moja tutaufuata ukingo wa ziwa siku nyingi, tulale ufukweni, tuamke tuendelee, tuone nyuma ya kila rasi kuna nini. Sasa Beryl ameniandikia kwamba anafanya kazi kwenye kambi ya wageni, na mwenye kambi amemruhusu atumie vile vitumbwi vyembamba vya plastiki viitwavyo kayaki, siku tano mwisho wa Agosti, kabla Claire hajaolewa na kuhamia Kampala. Nilimwambia Garama nataka kwenda kutembea kwa kayaki na rafiki zangu, akacheka, akasema, "Vidude vile navipita kila siku pale hotelini, ni michezo ya Wazungu. Wewe una mtoto wa kunyonya."

Basi mwezi huu ikaja barua ya pili. Beryl aliandika kuwa kayaki moja ni ya watu wawili, na kiti cha mbele wameniwekea mimi, hata nisipokuja watakwenda nacho kitupu. Niliposoma hapo machozi yalinitoka nisiweze kuyazuia, na mavyaa wangu Mbodze, mama yake Garama, aliyekuja kutoka Mkongani kunisaidia kulea, akaacha kukuna nazi akaniuliza, "Mwanangu, nani amekufa?" Barua ilikuwa ya Kijaluo, hapa hakuna awezaye kuisoma. Nikasema, "Shangazi Lenah."

Bi Rai, sijui neno lile lilitoka wapi. Shangazi ni mzima, ndiye aliyenilea, hata kikohozi hana.

Sasa Garama ameniruhusu niende bila swali, majirani wamekuja kunipa pole, na mavyaa amekataa katakata nisafiri peke yangu. "Mkaza mwanangu aende matangani kama asiye na watu? Nitakwenda nikalie na wenzangu." Ameshafunga unga na leso mbili. Jana alinikataza kufua, akazifua nepi yeye, akawa ananiuliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani, nami nikamweleza mema yake yote, na yote ni kweli, nikalia tena, naye akalia, akanikumbatia. Tangu niolewe hajawahi kunikumbatia.

Tunasafiri Jumapili ya mwisho wa mwezi, maana nimesema maziko ni siku zile zile za kayaki. Niseme shangazi amepona? Au nimwandikie ajifiche? Na ziwa, niliache kabisa? Nikifumba macho tu nakiona kile kiti kinakwenda bila mtu.

Mwenye Hamu, Tiwi

*

Mwenye Hamu, marahaba. Barua yako nimeitoa chini ya rundo kwa sababu msiba wako haungoji. Nilianza kwa kucheka, nisamehe. Nilipofika kwa yule mama anayefua nepi, nikaacha.

Hakuna "amepona", mwanangu. Aliyefariki haponi, na shangazi wa watu hafichwi kama kuku wa wizi. Je, unataka mama huyo avuke nchi nzima na unga wake, abishe hodi, afunguliwe mlango na marehemu?

Mwambie leo, kabla ya mumeo. Kaa chini, umwambie, "Mama, hakuna aliyefariki, nililia kwa hamu ya kwetu." Atakasirika na ana haki. Labda atafungua mzigo wake mbele yako. Usimfuatefuate na visingizio. Na majirani waliokupa pole utawaendea wewe, mlango kwa mlango, usimtume yeye.

Lakini nikuulize, mumeo ulimwambia nini? "Kutembea kwa kayaki." Mimi usiyenijua umeniambia mwamba, na rasi, na maji ya kuramba. Yeye umempa maneno matatu, akayapima kwa vidude vya hotelini. Garama hajalikataa ziwa, hajaambiwa habari zake. Chukua barua ya Beryl, msomee na umfasirie yote, hasa pale penye kiti.

Kisha usiombe siku tano. Ziwa hilo lina mawimbi yake, na mtoto mchanga haingii kayaki. Omba siku mbili za mwisho. Rafiki zako si wanalala nchi kavu? Wangoje ufukweni watakapofikia, uvae jaketi la kuelea, uingie. Griffin abaki kwa shangazi Lenah, ambaye atafurahi kumpakata. Kama mavyaa wako atakuwa ameshusha hasira na bado anataka kuandamana nawe, mshukuru na mwende. Kama hataki, usimbembeleze.

Huenda wakasema hapana. Itakuuma, kwa maana Claire atakwenda zake na Agosti hii haitarudi. Lakini utakuwa umeililia hamu yako kwa jina lake. Haya, inuka. Mtoto ataamka, si neno. Nenda kwa mavyaa wako kabla hajampa mtu mwingine habari hiyo.

Bi Rai