Baba Mkwe Ameshika Mkono Wangu

Wifi Moraa,

Salamu kwenu Ekerenyo, na Mungu awalinde. Hapa hospitalini Kisii mvua inapiga mabati. Baba yako amevunjika mfupa wa paja, palepale kinapoishia kile chuma alichowekewa nyongani. Kesho anapasuliwa tena.

Muuguzi alipotaka kumgeuza aliniambia, "Shika mguu." Nikarudi nyuma. Unaijua chinsoni yetu, heshima ya kutogusana na wakwe: mimi mkamwana hata salamu ya mkono sijawahi kumpa. Baba akafumba macho, akasema, "Shika tu, mwanangu."

Nikashika. Alipolazwa vizuri, akaukamata mkono wangu, na mpaka sasa hajauachilia. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Njoo mapema, wifi yangu. Usishangae mwandiko, naandika kwa mkono wa kushoto.

Kwamboka