Natalio Waisbrot, Aliyekataa Kuambiwa Somo la Wiki Ijayo

Umetimia mwaka, Baba, tangu Alhamisi ile ulipofunga duka lako la vifungo na zipu, ukapanda ngazi za nyumbani, mtaani Villa Crespo, ukaketi uvue viatu na usivivue. Daktari alisema ni moyo. Mama alisema, "Angalau duka alilifunga."

Hukuwa mtu wa machozi, nasi hapa tutajitahidi tusikuaibishe.

Ulikuwa mkarimu kwa namna yako. Fundi cherehani aliyekuja kununua kifungo kimoja alipewa viwili, "maana kimoja kitapotea tu." Lakini chai yako ya mate, ile ya majani machungu ambayo wenzako hupokezana kwa mrija mmoja, hukumwonjesha mtu. Ulikunywa peke yako nyuma ya kaunta, ukisema midomo ya watu ina habari nyingi mno.

Siku yako ilikuwa Ijumaa. Mezani hakuna aliyegusa supu kabla hajajibu swali lako juu ya somo la Torati la wiki: "Haya, wiki hii umejiona wapi?" Mwanao Gustavo aliwahi kujibu kwamba hajajiona popote. "Basi na supu haijakuona," ukamwambia, ukalisogeza bakuli lake kando. Akajiona upesi sana.

Wewe hukukosa mahali. Somo la magonjwa ya ngozi, ulituonyesha kiwiko chako. Somo la vipimo vya hema takatifu, ambalo wengine hulisinzilia, wewe ulichangamka: "Vifungo hamsini vya dhahabu! Hata Mungu alijua bila vifungo hema haliendi." Wiki ya punda wa Balaamu ulimtazama Mama.

"Mimi ndiye punda. Namwona malaika njiani, na bado nachapwa."

"Punda yule alisema siku moja tu maishani," Mama akakujibu. "Jifunze kwake."

Binti yako Silvia alipohamia Haifa, katika Nchi Takatifu, ulikasirika. Hukumwambia kwamba nyumba itapwaya. Ulimwambia, "Nani kakutuma huko? Huna akili?" Kisha ukawa unampigia simu kila Ijumaa mchana kutoka dukani, kabla hajawasha mishumaa ya Sabato, umwulize swali lilelile, na ukimaliza umgombeze. Alikuomba uende ukamwone. "Baada ya sikukuu," ulisema, na sikukuu zetu hazina mwisho. Haifa hukufika.

Mwaka jana mlipishana. Sikukuu huku kwetu, nje ya Nchi Takatifu, huongezwa siku moja, kule haiongezwi. Siku hiyo ikiangukia Jumamosi, wao husonga mbele na sisi tunabaki nyuma kwa somo moja. Ndiyo maana Silvia alikuwa ameshalisoma la Musa na mwamba wakati wewe hujalifikia.

"Baba, safari hii nimejiona kweli. Nikwambie?"

"Usiniambie! Sisi bado."

"Ni Torati ileile, Baba. Mwisho unaujua."

"Mwisho wa Musa naujua. Wako ndio siujui. Ngoja Ijumaa ijayo."

Ijumaa iliyofuata tulikuzika.

Jibu lake Silvia hakumwambia mtu. Lakini mwaka huu tumepishana tena, na wiki hii ya kumbukumbu yako, sisi huku tunasoma masomo mawili kwa mpigo, la mwamba likiwamo, ili tuwafikie wao, na Jumamosi tutakuwa tumelingana. Kwa hiyo alipiga simu, na ameomba maneno yake tuyaandike hapa, uyasikie:

"Baba, mimi ndiye ule mwamba. Musa aliambiwa aseme nao, utatoa maji. Yeye akaupiga fimbo, tena mara mbili. Maji yalitoka, sikatai. Kila Ijumaa nilipokea simu yako, sikatai. Lakini ungesema tu, Baba. Ungesema 'rudi', ningerudi."

Gustavo ndiye aliyekuwa ameshika simu. Mama alimnyang'anya.

"Silvia," akasema. "Rudi."

Wanaokukumbuka ni mkeo Berta, ambaye sasa ndiye anayeuliza swali. Mwanao Gustavo na mkewe Raquel. Mjukuu wako Iara, anayedai kila wiki kwamba yeye ni malaika. Na binti yako Silvia, anayewasili Alhamisi.

Hutasahaulika, Baba. Kila Ijumaa, kabla ya supu.