Karani wa Lango la Zizi

Machochwe,
4 Machi 2024

Kwa binti yangu Eunice,

Salamu zangu zikukute umekaa vizuri na mtoto amelala. Rubeni aliponiambia umejifungua kwa upasuaji na wote wawili mko salama, nilimpa kikombe cha maziwa, akanywa amesimama, halafu nikamwambia aanze kunihadithia upya. Nasikia mmemwita Huruma. Jina zuri. Na yule Msukuma wako Maige bado anashuka mashimoni? Mwambie dhahabu haina miguu, asikimbie.

Mimi ni mzima, ng'ombe wazima. Mvua imeanza kwa fujo. Upepo umeangusha mnara wa simu, kwa hiyo usihangaike kupiga ya jirani Simioni, na mimi mwenyewe simu sijawahi kuitaka. Mtu akitaka kusema nami aje nimwone uso. Rubeni atabeba barua zetu kila akileta dagaa.

Anayenitia wasiwasi ni mbwa wetu Karani. Ni mzee sasa, wewe ulikuwa darasa la tano tulipomleta ndani ya kapu. Bado alikuwa akikaa langoni mwa zizi kila jioni, anatazama ng'ombe mmoja mmoja wanavyoingia, na mmoja akikosekana habanduki pale mpaka mtu arudi kumtafuta. Lakini tangu Jumamosi hali chochote. Mdomo unaning'inia wazi, udenda unamwagika, sauti imekauka. Nikimwekea maji anayasogelea, ananusa, anarudi nyuma.

Nikajua ni mfupa umemkwama. Jana Simioni alimshika miguu, nikaingiza mkono mpaka kooni. Sikuupata. Jino lilinikwaruza kidole gumba, nikapaka majivu, basi. Simioni akaniambia, "Mzee Nchagwa, mimi naogopa kichaa, maana bweha alimng'ata mwezi wa kwanza." Nilimcheka. Nikamwonyesha mkanda mwekundu shingoni, ule aliovishwa siku ile ulipompeleka kuchanjwa pale shuleni. Nikamwambia binti yangu alipanga foleni tangu asubuhi, usinitishe.

Niulizie kwa wauza dawa za mifugo huko kama kuna dawa ya kulegeza koo la mbwa.

Ni mimi,
Tata yako


Nyamongo,
6 Machi 2024

Shikamoo Tata.

Mtoto mzima, mshono unakauka. Nisamehe salamu ni fupi, Rubeni ananisubiri mlangoni na pikipiki inaunguruma.

Tata, usimguse tena Karani. Usimshike, usimlishe kwa mkono, usimfute udenda. Mfunge kwa kamba ndefu au mfungie ndani ya kibanda cha mbuzi. Kisha osha kile kidole kwa maji mengi na sabuni, osha sana, hata kama kidonda kimefunga, halafu leo hii hii nenda hospitali ya Mugumu uwaambie mbwa amekung'ata. Usiseme amekukwaruza. Sema amekung'ata. Na Simioni aende pia.

Karani hakuchanjwa.

Nimeandika sentensi hiyo nikaikata mara mbili, na hii ni karatasi ya tatu. Siku ile foleni ilikuwa ndefu, mbwa wanapigana, vumbi tupu. Maige alikuwa anapita kwenda Mugumu, tukasimama kuongea, tukasogea kivulini, na niliporudi wachanjaji walikuwa wanafunga masanduku yao. Niliogopa kurudi nyumbani hivyo. Nikaona mkanda mwekundu chini, umeanguka kwenye shingo ya mbwa wa mtu. Nikamfunga Karani. Ukaniuliza cheti kiko wapi nikasema kimeloa mvua. Ukaniamini, ukanisifu mbele ya watu, na mimi nikanyamaza miaka miwili.

Nesi aliyenihudumia nimemwuliza kama habari ya mtu mwingine tu. Amesema mbwa mwenye kichaa wakati mwingine hakimbizi watu. Hulegea taya, watu hudhani ni mfupa, wakatia mkono. Amesema ukiwahi sindano unapona, na ugonjwa ukishaanza hakuna dawa hapa duniani.

Nenda, Tata. Utanitukana baadaye, nitapokea yote. Nenda kwanza.

Mwanao,
Eunice


Nyamongo,
9 Machi 2024

Shikamoo Tata.

Sijui kama ile barua umeipata. Rubeni amerudi jana amelowa mpaka kiunoni, anasema Mto Mara umefurika, daraja halipitiki, na barua yangu bado iko mfukoni mwake ndani ya nailoni. Nililia mbele yake bila aibu. Ameahidi leo atazunguka njia ya juu, hata kama ni kusukuma pikipiki. Nampa zote mbili.

Ningekuja mwenyewe. Nilisimama asubuhi kujaribu kutembea mpaka barabarani, nikafika kwenye jiko la jirani, mshono ukavuta, Maige akanirudisha amenishika mkono. Anajua siku ile alikuwa na nani kivulini.

Nahesabu siku tangu jino lilipokugusa. Leo ni ya sita. Naogopa, Tata. Nikimnyonyesha mtoto naogopa, nikisikia pikipiki naogopa zaidi.

Mwanao,
Eunice


Machochwe,
12 Machi 2024

Eunice,

Salamu. Mtoto namsalimia kupitia kwako, hana kosa.

Barua zako mbili nilizipata pamoja Jumapili mchana, nimetoka kanisani. Nilisoma ya kwanza nimesimama. Nilipofika kwenye sentensi ile nikaketi kwenye jiwe la kunolea panga, na sikusoma ya pili mpaka hofu ilipopungua kidogo. Sikuwa na hasira kwanza. Hasira ilikuja baadaye, na bado ipo, nisikudanganye. Nimekulea peke yangu tangu mama yako afariki, nikajivunia kwamba nyumba yangu haina mwongo.

Lakini Athanas, bwana mifugo, ameniambia jambo jingine. Kumbe chanjo hurudiwa kila mwaka. Hata kama angechanjwa siku ile, mwaka jana mimi ndiye niliyepaswa kumrudisha, na sikumrudisha. Niliutazama ule mkanda nikalala usingizi. Kwa hiyo tumegawana.

Athanas alikuja Jumapili hiyo hiyo jioni, pamoja na askari wa kijiji mwenye bunduki. Karani alikuwa ameshalegea miguu ya nyuma. Nilikuwa nimemfunga kwenye mti karibu na lango, maana ndani ya kibanda cha mbuzi alikuwa akilia, na sauti ile sikuiweza. Askari akataka amalize upesi. Nikamwambia asubiri ng'ombe waingie kwanza. Akaniangalia kama mimi ndiye mgonjwa. Athanas akamwambia, "Mwache mzee."

Wakaja. Nikawapitisha taratibu, mmoja mmoja, na Karani akanyanyua kichwa kwa kila mmoja. Kichwa kilikuwa kinatikisika lakini alikinyanyua. Yule mweupe mwenye pembe moja huwa anachelewa, nawe unamjua, na siku hiyo pia alichelewa. Karani alimtazamia kule njiani mpaka akafika. Alipoingia, nikafunga lango, naye akalaza kichwa chini.

Miaka yote ile nilikuwa namkuna nyuma ya sikio nikishafunga lango. Athanas alinikataza kusogea. Basi nikanyoosha fimbo yangu ya kuchungia nikamkuna kwa ncha, nimesimama mbali kama mtu anayegusa nyoka. Alinijua hivyo hivyo. Mkia ulipiga ardhi mara moja. Nikamwambia, "Karani, wametimia. Pumzika." Nikageuka, sikutaka kuona. Mlio niliusikia mgongoni.

Wamechukua kichwa kwenda kupima. Hilo liliniuma kuliko mlio wenyewe. Sehemu iliyobaki tumefukia kwenye shimo refu, na ile fimbo na mkanda wako nimevichoma.

Jana nilikwenda Mugumu na Simioni. Nimeosha, nimechomwa, na nimepewa karatasi ya tarehe nyingine za kurudi. Simioni naye amechomwa, ananuna. Daktari amesema nimechelewa siku nane lakini sijachelewa kabisa. Nikamwuliza nitajuaje kwamba nimepona. Akasema nimalize sindano, na siku tisini tangu jino liliponigusa zikipita salama, nipumue. Nami nikamwuliza dalili ya kwanza ni ipi. Hakutaka kusema. Nilimbana mpaka akasema: mtu hushindwa kumeza maji.

Tata


Nyamongo,
16 Machi 2024

Shikamoo Tata yangu.

Nashukuru umeandika, nashukuru hata kwa hasira. Barua nimeisoma mpaka pale pa fimbo nikashindwa kuendelea, Maige akanimalizia kunisomea. Anasema atakuja kupiga magoti mbele yako. Mwenyewe nimemlilia Karani kama mtu. Nakumbuka nikiugua malaria alikuwa akilala mlangoni, na ukimfukuza anazunguka anarudia upande wa dirisha.

Nisamehe, Tata. Sina neno refu zaidi ya hilo.

Nina ombi moja, ulicheke ukitaka. Kila asubuhi kunywa kikombe cha maji, na kila Rubeni akija mpe karatasi useme umekunywa. Neno moja tu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi sasa hata bomba likikauka najishika kifua.

Usiruke sindano hata moja.

Mwanao,
Eunice


Machochwe,
19 Machi

Salamu kwenu. Nimekunywa. Kikombe kizima, na Simioni shahidi, ingawa anasema nimekuwa mtoto mchanga wa kuangaliwa nikinywa. Majibu ya kichwa yamekuja. Ni kichaa kweli. Sindano ya tatu nimechomwa jana.

Tata


Machochwe,
9 Aprili

Salamu. Mguu unaniuma kidogo kwa baridi, mengine mazuri. Sindano nimemaliza, daktari ametia sahihi. Nimekunywa. Siku hizi jioni nakaa mwenyewe langoni, maana ng'ombe wakifika pale wanasimama wakimtafuta, hawaingii mpaka waone mtu. Mvua inanikuta hapo hapo, sina jinsi. Huruma anacheka sasa?

Tata


Machochwe,
14 Mei

Eunice, salamu.

Sitakuficha, tulishafichana ya kutosha. Asubuhi ya leo maji yamenipalia. Nikajaribu tena, koo likafunga, yakatokea puani. Pengine si kitu.

Tata


Nyamongo,
15 Mei 2024

Shikamoo Tata.

Rubeni amenipa karatasi yako nikasoma pale pale barabarani, dagaa wakamwagika. Umekunywa tena baadaye? Mchana? Uji je? Upepo ukikupiga usoni unashtuka? Nesi ameniambia niulize hivyo. Tafadhali nenda Mugumu leo, na unijibu leo, Rubeni atakusubiri hata mpaka jioni.

Mungu anajua nilitaka aninyime mimi maji.

Mwanao,
Eunice


Nyamongo,
29 Mei 2024

Shikamoo Tata.

Hii ni barua ya tatu bila jibu. Injini ya Rubeni ilikufa njiani akija kwako na ile ya tarehe kumi na tano, na pikipiki iko kwa fundi mpaka leo. Ile ya pili nilimpa Agustina anayefuata mahindi Mugumu, amerudi anasema aliiacha dukani pale Machochwe, hajui kama ilifika. Simu ya Simioni haipatikani. Nimeuliza kila mtu anayetoka huko. Mmoja alisema amesikia mzee fulani ni mgonjwa wa koo, hamjui jina. Siku ile sikula.

Sijui hii naiandika kwa nani. Naandika hivyo hivyo, maana nikiacha kuandika ni kama nimekubali.

Jumatatu tarehe tatu nakuja. Mshono umepona, mtoto nitambeba mgongoni. Maige amekataa, halafu akaniangalia akakubali. Kama upo, nisubiri. Kama upo lakini huwezi kuongea, nyanyua tu mkono nikuone kutoka njiani.

Mwanao,
Eunice


Nyamongo, barabarani,
Jumapili 2 Juni

Eunice,

Shika karatasi hii kwa mkono mmoja, usimwangushe mtoto. Rubeni amepata pikipiki yake, na leo hakuleta barua kutoka Machochwe. Amenileta mimi. Nimesimama hapa nje kwenye kibanda cha muuza mkaa, kwa maana unajua desturi yetu: siingii nyumbani kwa mkwe kabla mwenyewe hajanipokea, na naambiwa Maige yuko mashimoni.

Koo lilikuwa baridi ya kukaa langoni usiku na mvua, mimi nikijifanya mbwa. Siku tatu sikumeza kitu. Siku hizo nilishika kalamu kila asubuhi. Kuandika "nimekunywa" kungekuwa uongo, na kuandika ukweli niliogopa mno, nikaogopa hata kuutazama mtungi. Simioni akanipeleka Mugumu kwa nguvu. Daktari akanicheka, akanipa vidonge. Nilipopona, Rubeni hakuwepo wa kunibebea barua, na nikasema basi, nitakwenda mwenyewe siku zikitimia, kwa maana nilikuwa nimeapa sitamshika mjukuu kabla ya siku tisini.

Zimetimia jana. Nimezihesabu langoni.

Nisamehe kwa kimya. Nawe nimekusamehe, tangu siku ya fimbo, ila sikuwa na njia ya kuliandika.

Sasa toka. Mlete Huruma, na uje na kikombe cha maji, kijae, nikinywe mbele yako.

Tata yako