Kamera Ndogo Ilibaki Begini

Mpendwa mshauri, nakuandikia nikiwa na hasira na naomba unijibu kabla ya harusi ya Jumamosi kule Butiama, maana kaka yangu Mwikwabe anataka tubadilishe kamera zangu mbili ndogo tupate moja kubwa ya kitaalamu, na hizo ndogo ndizo nilizoanzia kazi hapa Nyasho na nilikuwaga sipati lawama, ila siku hizi kamati za harusi zinaangalia ukubwa wa kamera, mwenyekiti wa huko Butiama aliniuliza kikaoni, "Dada, hiyo ni ya kazi au ya kuchezea watoto?" wakacheka, na kaka akalishika neno hilo, mwezi uliopita akaazima kubwa tukaenda nayo Guta, Mbuke alikuwa anaolewa, na kwao kabla binti hajatoka bibi yake humpulizia maji ya baraka usoni, ndani ya nyumba, mara moja tu, hairudiwi, na chumba kile kina dirisha dogo, kumbe kamera ile haina taa yake yenyewe kama zangu na kaka hakuazima taa ya kuweka juu yake, nikamwambia, "Kaka, ngoja nitoe yangu begini," akanijibu, "Iache humohumo, unataka kutuaibisha?" nikaiacha, na picha zimetoka nyeusi, mama yake Mbuke ananipigia kila siku na kaka ananiambia niseme memori kadi iliharibika. Nichague kamera ipi?

Jeska, Nyasho, Musoma

Jeska,

Nimepiga picha za magazeti miaka ishirini na miwili, kwa hiyo nianze na kamera. Ile kubwa ni imara, na ikipata lenzi nzuri inaona hata penye mwanga hafifu. Bila lenzi hiyo na bila taa, kaka yako alivaa pambo shingoni. Mwenyekiti wa Butiama hazijui kamera, na hakuna aliyemtaka azijue. Mwikwabe ni mpiga picha. Alikwenda kazini na chombo ambacho hakukijaribu hata sebuleni kwake, na huko ni kumdharau mteja.

Lakini aliyenikasirisha zaidi ni wewe. Ulijua. Ulisimama hatua mbili kutoka kwa yule bibi, kamera inayofaa iko begini mwako, ukaogopa kuchekwa. Leo unaniuliza uchague kamera ipi, kana kwamba kamera ndiyo iliyonyamaza.

Usibadilishe chochote. Tafuta kwanza taa ya kuweka juu na lenzi moja inayopokea mwanga mwingi, uhakikishe itaingia pia kwenye kubwa utakayonunua baadaye. Kubwa ikija, ifanyie mazoezi kwenye chumba chenye dirisha dogo kabla ya kuipeleka kwa watu. Jumamosi nenda na zako, na mwenyekiti akicheka mwonyeshe picha.

Habari ya memori kadi, usithubutu. Nendeni Guta kesho, wewe na kaka yako, mkamwambie mama yule mlivyokosea. Akiwafokea, nyamazeni mpaka amalize. Kisha mwombe ruhusa umpige bibi picha akiwa amekaa na Mbuke. Haitakuwa picha ile waliyoingoja, na umwambie hivyo kwa mdomo wako. Nenda na kamera ndogo, na uitoe begini ukiwa bado mlangoni.