Nilipigwa Mpira, Nikatoka

Jumamosi, jioni. Upepo wa kiangazi umetulia, vumbi la Mtendeni, hapa Tabora, limetua hadi kwenye chai yangu. Bega linaniuma. Moyo ndio zaidi.

Leo tulicheza besiboli, mchezo wa mwisho kabla kocha hajachagua timu ya kwenda Dar. Tumefungana pointi, wenzangu wamesimama vituo vyote, zamu yangu kupiga. Mpira ukanipiga begani. Nikaweka gongo chini, nikatoka uwanjani.

Ndiyo, nilitoka.

Nimekua na rede mimi. Kwenye rede ukipigwa mpira umekufa, unatoka, hakuna ubishi. Miguu ilijiendea. Kocha akaita, "Nyamizi, unakwenda wapi?" Nikamjibu, "Si nimepigwa?"

Kumbe kwenye besiboli ukipigwa unapewa kituo cha kwanza bure, na wenzako wote wanasogea. Wa kituo cha tatu angefika kituo cha mwisho, pointi ingeingia, tungeshinda. Lakini kwa kutoka nilihesabiwa nimekufa, zamu yetu ikaisha, wapinzani wakapata pointi, tukashindwa. Nilitamani ardhi inimeze.

Mama, aliyetamba kwa rede kule Bukene enzi zake, alinikanda kwa maji ya chumvi. Nikamweleza yote. Akashangaa, "Sasa mwanangu, umeshapigwa, ungebaki humo ufanye nini?" Nikacheka huku nalia. Nikaapa moyoni kesho siendi, na kesho ndiyo kocha anataja timu. Asiyefika hana nafasi.

Nikajilaza na simu. Kocha alikuwa ametuma kwenye grupu kisa cha Mmarekani mweusi wa zamani sana, mlinzi wa kituo cha pili. Wazungu walimrukia na viatu vya njumu, akafunga vibao vya mbao miguuni kujikinga. Warushaji walimlenga mwilini makusudi. Mwishowe ligi zikawafungia weusi mlango, naye akazunguka mji hadi mji akitafuta timu itakayompokea.

Usingizi ukanichukua. Nikamwona anaingia Tabora kwa njia ya zamani ya misafara, ile waliyopita babu zetu na mizigo ya watu kichwani. Gongo begani, vibao vinagongana taratibu, ko, ko, ko. Akafika uwanjani kwetu. Akarushiwa mpira, ukampata mbavuni. Akajipangusa vumbi, akatembea hadi kituo cha kwanza kama mtu anayekwenda dukani kununua chumvi.

Hakuniangalia hata kidogo. Nimeamka, ko ko bado iko masikioni.

Basi kesho naenda, na bega langu hivi hivi. Nimeshapigwa. Nakuja kuchukua kituo changu.